Mashine Isiyo na Macho Husomaje?

Sisi tunasoma kwa kutazama herufi. Je, mashine isiyo na macho husomaje? Leo tuiangalie Disk II, mashine ya kusomea flopi za kompyuta ya Apple II. Ilitoka Marekani mwaka 1978, na aliyeibuni ni fundi Steve Wozniak.

Flopi ni kisahani laini cha plastiki kilichopakwa unga wa sumaku. Ndani ya mashine huzunguka mara 5 kila sekunde, huku kichwa chenye koili ndogo ya waya kikiugusa uso wake.

Hebu tukumbuke dainamo ya baiskeli. Gurudumu likisimama, taa inazimika, ingawa sumaku bado imo mle mle. Kwa nini? Koili haitoi umeme kwa sababu tu sumaku ipo. Hutoa umeme sumaku inapogeuka. Basi kichwa cha flopi nacho ni hivyo hivyo. Sumaku ikigeuka, umeme mdogo hutokea, na mashine husoma 1. Isipogeuka, kimya: hiyo ni 0. Katika sekunde moja hupita nafasi 250,000 za namna hiyo!

Sasa, kazi iko kwenye sifuri. Moja inasikika, lakini kimya utakihesabuje? Mashine hukipima kwa saa yake, na kila ikisikia 1 huanza kupima upya. Kimya kikirefuka inapotea hesabu, kwa kuwa flopi haizunguki sawasawa kabisa. Tena kuna balaa la pili. Amplifaya yake hujiongeza nguvu yenyewe inaposikia hafifu. Ni kama redio stesheni ikifunga: ukipandisha sauti sana, unasikia mchakacho mtupu. Mashine huokota mchakacho huo ikadhani ni 1.

Kwa hiyo Wozniak aliweka sharti: sifuri mbili zisifuatane. Sharti hilo lilikula nafasi, na upande mmoja wa flopi ulichukua herufi 116,480. Mwaka 1980 sifuri mbili zikaruhusiwa, ila si tatu. Flopi ile ile ikachukua 143,360! Kilichobadilishwa ni chipu mbili tu kwenye kadi ya mashine.

Wauzaji wengine wa programu, wajanja hao, waliacha kimya kirefu makusudi. Mahali hapo pakisomwa mara mbili, majibu hayafanani. Lakini mtu akinakili flopi, mchakacho uliosikika huandikwa kama 1 za kweli, na nakala hujibu vile vile kila mara. Hapo programu inajua kuwa hiyo si flopi ya dukani, nayo inagoma.