Kuahirisha na Kutegea: Mafunzo ya Kisaikolojia kwa Wanafunzi wa Afya

Kuahirisha ni kuchelewesha kwa hiari kazi ambayo mtu anajua kwamba kuichelewesha kutamdhuru. Kutegea ni kupunguza bidii mtu anapofanya kazi katika kundi. Tabia zote mbili huitwa uvivu na hujibiwa kwa karipio. Tafiti za saikolojia, hata hivyo, zinaonyesha vyanzo vingine, ambavyo mafunzo yanaweza kuvipunguza.

Chanzo cha kutegea

Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Walipovuta watu 8 pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu zake. Mwaka 1979, Bibb Latané na wenzake nchini Marekani waliwaziba washiriki macho na masikio, kisha wakawataka wapige kelele. Mshiriki aliyeamini kuwa yumo katika kundi la watu 6, ilhali alikuwa akipiga kelele peke yake, alitoa asilimia 74 tu ya sauti yake. Katika utafiti wa mwaka 1981, mchango wa kila mtu ulipotambulika, upungufu huo ulitoweka. Mtu hutegea pale juhudi yake isipoonekana.

Chanzo cha kuahirisha

Anayeahirisha aghalabu haikimbii kazi yenyewe, bali hofu, shaka au uchovu unaoandamana nayo. Nafuu anayoipata humzoesha kukimbia tena. Karipio huongeza hofu hiyo. Nchini Kanada, utafiti wa mwaka 2010 ulibaini kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani uliofuata.

Mambo ya kufundisha

1. Kuitambua hisia inayokimbiwa na kuitaja kwa jina.
2. Kupanga saa, mahali na hatua ya kwanza: "Nikimaliza chakula cha jioni, nitakaa maktaba na kuandika ukurasa mmoja." Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mipango ya namna hii huongeza utekelezaji.
3. Kuligawa jukumu la kundi katika sehemu, kila sehemu ikiwa na jina la mhusika na siku ya kuikabidhi.
4. Kujisamehe baada ya kuteleza, kisha kuanza upya siku hiyohiyo.

Umuhimu wa mafunzo haya huonekana wodini. Agizo kwamba "wanafunzi wapime shinikizo la damu" halina mwenyewe. Kila mmoja hudhani mwenzake amekwishapima, na mgonjwa hubaki bila kupimwa. Agizo lenye jina, kitanda na saa humlinda mgonjwa.

Kuahirisha kunakodumu, kukiandamana na huzuni, kukosa usingizi au kupoteza hamu ya mambo yote, kunaweza kuwa dalili ya sonona. Mwanafunzi wa namna hiyo apelekwe kwa mshauri nasaha au daktari, asipewe adhabu.