Hesabu Loki Kabla ya Maili: Siku Moja kwa Boti Kwenye Mifereji ya Uingereza

Kukodi boti ya kutembelea mifereji ya Uingereza hakuhitaji leseni yoyote. Unaonyeshwa injini, unapewa somo fupi, kisha unaachiwa chombo cha chuma chenye upana wa mita 2 na ushee tu, na urefu unaoweza kufika mita 21. Ndugu zetu wanaoishi Birmingham au Leicester wanavikuta vyombo hivi karibu na kwao, na wengi hujaribu siku moja wakati wa likizo. Kinachowashinda si usukani. Ni saa.

Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6 na nusu. Juu ya hapo kuna loki, yaani chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma, kinachopandisha au kushusha boti pale ardhi inapoinuka au kuteremka. Wenyeji wa mifereji wana kanuni yao: jumlisha maili na idadi ya loki, gawanya kwa tatu, ndio muda wa safari. Maili 10 zenye loki 11 ni mwendo wa saa saba. Ukiondoka saa tatu asubuhi utafika saa kumi jioni, bado hujasimama kula wala kujaza tangi la maji. Mwezi Novemba giza huwa linaingia wakati huo, na kampuni nyingi haziruhusu boti za kukodi kutembea usiku. Pale Tardebigge, kusini-magharibi mwa Birmingham, loki 30 zimefuatana katika umbali usiofika kilomita 4. Kwa miguu ni chini ya saa moja. Kwa boti, usimwahidi mtu kwamba mtakula naye mchana.

Anayechelewa hutamani kuongeza moto. Haisaidii. Mfereji una kina kifupi, kwa hiyo injini ikizidishwa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, huzama chini, mawimbi hubomoa kingo, na boti zilizofungwa pembeni huvutwa hadi kung'oa vigingi vyake. Ukizipita hizo, punguza mwendo mapema. Breki hakuna, unasimama kwa kurudisha gia nyuma, na tani kumi na kitu za chuma hazisimami ghafla. Ndiyo maana usijaribu kuisukuma boti kwa mguu ili isigonge ukuta. Acha igonge.

Aliyewahi kushika kana (mpini wa usukani) ya mashua kule Lamu hatashangaa: ukiisukuma kana kushoto, omo, yaani sehemu ya mbele, inakwenda kulia. Ukikutana na boti nyingine, kila mmoja ashike upande wake wa kulia, lakini msikimbilie ukingoni kwenye tope.

Sehemu ya kuwa macho kuliko zote ni loki ya kushuka. Chini ya malango ya juu, yale yaliyo nyuma yako, kuna kizingiti cha jiwe au zege ambacho hukioni maji yakiwa yamejaa. Maji yakipungua, boti iliyobaki nyuma hukalia kizingiti hicho kwa tezi huku omo ikiendelea kushuka, na ndani ya dakika chache inaweza kuzama. Ukutani pamechorwa mstari mweupe. Hakikisha tezi iko mbele ya mstari huo mpaka mwisho. Kamba izungushwe tu kwenye nguzo na kushikwa mkononi, isifungwe. Mtu mmoja abaki kwenye vilango vidogo vinavyotoa maji, macho yake kwenye boti na si kwenye simu. Boti ikinasa, afunge vilango hivyo mara moja, kisha maji yaingizwe polepole kutoka juu. Na ule mpini wa chuma wa kufungulia vilango usiachwe umechomekwa: kizuizi chake kikiteleza, mpini huzunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono au taya.

Injini ikianza kunguruma bila boti kusogea, huenda rafadha imenaswa na kamba au mifuko ya plastiki. Zima injini, tia ufunguo mfukoni, ndipo ufungue kifuniko cha tezini na kukata uchafu kwa kisu. Ukimaliza, kikaze kifuniko barabara, maana kikilegea maji huingia injini inapowashwa. Vaa glavu, funika vidonda na unawe kwa sabuni: mkojo wa panya majini huambukiza homa ya leptospira. Ukipata homa siku au wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa mferejini.

Jioni, soma kibao kabla ya kufunga boti, kwa kuwa sehemu nyingine ni za kujazia maji tu. Ukishafunga, desturi ni injini kunyamaza kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, kwa hiyo chaji simu mapema. Baridi ikizidi, washa jiko la kuni lakini usizibe matundu ya hewa kwa nguo, na kabla ya kulala bonyeza kitufe cha king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi usikie kama kinalia.