Somo la 12: Hita ya Maji Ikiharibika



Miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi katika wilaya za Mbulu na Hanang. Maji yaliyolala kwenye ndoo huwa baridi sana asubuhi. Mzee hawezi kuyaoga. Mtoto mchanga hawezi kuogeshwa. Kwa hiyo kupasha maji moto ni kazi ya kila siku katika nyumba zetu.

Nyumba nyingi hupasha maji kwa kuni, juu ya mafiga matatu. Lakini umeme umefika katika vijiji vingi. Sheria ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, na nguzo za umeme zimeingia mahali ambapo zamani palikuwa na vibatari tu. Watu wengi wamenunua hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Chombo hiki kinapunguza kazi ya kutafuta kuni. Lakini kikiharibika, kinaweza kuua. Leo tutajifunza kuzitambua kasoro zake, na la kufanya tukiziona.

Hita inavyofanya kazi

Hita ni bomba la chuma lililokunjwa. Ndani ya bomba kuna waya mwembamba. Umeme ukipita katika waya huo, waya hupata moto, na moto huo huingia katika maji. Kati ya waya na bomba umejazwa unga mweupe usiopitisha umeme. Unga huo ndio unaozuia umeme usitoke nje.

Sasa fikiri. Bomba likipasuka, maji hupenya na kuulowesha unga. Umeme hupata njia ya kutoka. Huingia katika maji ya ndoo, na wewe unatia mkono humo.

Kwa sababu hiyo shika kanuni hii:

Unapoanza: maji kwanza, umeme baadaye.
Unapomaliza: umeme kwanza, maji baadaye.

Maana yake ni hii. Tumbukiza hita katika maji, kisha chomeka plagi na kuwasha swichi. Ukimaliza, zima swichi na chomoa plagi, kisha ndipo utoe hita. Usipime joto la maji kwa kidole wakati hita inawaka. Usitumie ndoo ya bati, kwa maana bati hupitisha umeme. Tumia ndoo ya plastiki, na uning'inize hita kwenye kijiti kikavu ili isiguse ukuta wa ndoo.

Kasoro nne za hita

1. Hita haipati moto. Usikimbilie kununua nyingine. Tazama kwanza kama uniti za LUKU zimekwisha. Kisha chomeka taa au redio katika soketi ile ile. Ikiwa haiwaki, kasoro iko kwenye soketi. Ikiwa inawaka, kasoro iko kwenye hita, au kwenye waya wake, au kwenye plagi. Fundi atapima kwa mita. Waya wa ndani ukikatika, hita ya kutumbukiza haitengenezeki. Hununuliwa nyingine.

2. Hita inachelewa kuchemsha. Tazama bomba lake. Kama lina ukoko mweupe, ni chumvi ya maji iliyoganda. Sehemu nyingine maji yetu yana chumvi nyingi, na ukoko huu hurudi upesi. Huzuia joto lisifike kwenye maji, na bomba huungua mapema. Chomoa hita, acha ipoe, kisha loweka bomba lake katika siki au maji ya limau. Suuza na kausha. Usiukwangue kwa kisu, utatoboa bomba.

3. Plagi inapata moto au inanuka kuungua. Mara nyingi waya umelegea ndani ya plagi, au soketi ni dhaifu. Hita hula umeme mwingi kuliko taa au redio. Usiichomeke pamoja na vyombo vingine kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Plagi iliyoyeyuka haifungwi kwa utepe. Hubadilishwa.

4. Maji au hita inapiga shoti. Hii ndiyo kasoro mbaya kuliko zote. Usiguse hita wala ndoo. Nenda kazime swichi kuu ya nyumba. Hita hiyo isitumike tena mpaka fundi aipime.

Niliyoyaona mwenyewe

Mwaka mmoja nilipanga chumba Mbulu mjini. Nilinunua hita yenye plagi ya miguu mitatu. Soketi yangu ilikuwa mbovu, nami sikutaka kutumia fedha kumwita fundi. Nikaikata plagi ile, nikafunga nyingine ya miguu miwili niliyokuwa nayo. Waya wa tatu nikaukunja pembeni. Niliona haina kazi.

Kwa siku kadhaa maji yalinipiga shoti ndogo kila nilipoyagusa. Nilisema, ni kitu kidogo, kitapita. Siku moja mtoto wa mwenye nyumba alikuja akichezea maji karibu na ndoo. Nilimwita kwa sauti kubwa, akasimama kabla hajaigusa. Siku hiyo hiyo nilimwita fundi.

Fundi aliitazama plagi, akaniuliza, "Mwalimu, nani alikufungia hii?" Nikasema, "Mimi." Akasema, "Waya ulioukunja ndio waya wa ardhi. Umeme ukitoka mahali pake, waya huu huupeleka ardhini. Wewe umeuzibia njia, ukajiweka wewe iwe njia."

Nilinyamaza. Mimi nafundisha watu kusoma, lakini sikusoma maandishi ya onyo yaliyokuwa kwenye boksi la hita.

Kumpata fundi

Fundi wa umeme si kila mtu mwenye bisibisi. Mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA. Muulize fundi leseni yake bila kuona haya. Shirika la TANESCO hushughulikia nguzo, waya wa kuleta umeme, na mita. Waya wa ndani ya nyumba ni mali yako na ni jukumu lako.

Kabla fundi hajaanza kazi, mweleze kasoro uliyoiona, na lini ilianza. Patana naye bei. Akimaliza, mwambie akuonyeshe kifaa cha zamani alichokitoa. Mwombe pia apime kama waya wa ardhi wa nyumba yako unafanya kazi.

Wakati unamngoja fundi

Hapa ndipo watu wengine hupata msiba. Hita imeharibika, baridi ni kali, basi mtu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala na hawaamki. Chemsha maji nje, au jikoni penye madirisha wazi. Jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba.

Ukitumia pipa la kuchemshia maji kwa kuni, usizibe mfuniko kabisa. Mvuke ukikosa njia, pipa hupasuka. Pipa lililowahi kuwa na dawa ya shambani lisitumike kamwe kwa maji. Lililowahi kuwa na petroli lisipelekwe kuchomelewa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Mtu akiungua kwa maji ya moto, mwagilia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mpeleke zahanati.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza.

Maneno ya kujifunza

kasoro: ubovu, upungufu
ukoko: kitu kilichoganda na kushikamana na chombo
shoti: mshtuko wa umeme
waya wa ardhi: waya unaopeleka ardhini umeme uliotoka mahali pake

Hesabu

Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa moja hula uniti moja. Hita ya wati 1,500 huchukua kama nusu saa kupasha ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga. Ndoo moja itakula uniti ngapi? Ndoo mbili kila siku, kwa siku 30, zitakula uniti ngapi? (Majibu: 0.75 na 45.)

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini tunachomoa plagi kabla ya kutoa hita kwenye maji?
2. Mwalimu alifanya makosa gani? Wewe umewahi kufanya kosa kama hilo?
3. Katika kijiji chenu, nani ana leseni ya kufunga umeme? Kama hayupo, wa karibu yuko wapi?

Kazi ya nyumbani

Leo ukifika nyumbani, tazama plagi ya hita yako au ya jirani. Hesabu miguu yake. Andika sentensi tatu juu ya ulichokiona, uje uzisome darasani.