Hesabu ya sindano inaanza siku gani?

Mgonjwa wa figo anayetoka Runazi, Biharamulo, kwenda kusafishwa damu hospitali ya Bugando hurudi nyumbani na mpira wa kusafishia damu shingoni au kifuani. Siku homa ikimpanda na baridi ikamtetemesha, hasa muda mfupi baada ya mpira kuunganishwa na mashine, wengi wetu tunataja malaria kwanza. Apimwe malaria, ndiyo. Lakini hata kipimo kikisema anayo, mpira ule bado ni mshukiwa. Vivyo hivyo kwa kanyula ya dripu iliyokaa mkononi siku nyingi hadi mshipa ukawa mgumu na kuuma: itolewe hapo hapo.

Hospitali ya Muhimbili iliwahi kufuatilia watoto waliolazwa kati ya 2001 na 2002. Katika waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, ilhali kwa waliokuwa na malaria walifariki asilimia 20.2. Si wote waliopata maambukizi kupitia mipira, lakini takwimu hizo zinatosha kutuzuia kumpa mgonjwa dawa ya malaria na kumwambia akalale.

Zahanati haina uwezo wa kuotesha damu ili mdudu ajulikane, kwa hiyo mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Huko damu ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki, chupa moja kutoka kwenye mpira na nyingine kutoka kwenye mshipa wa mkono. Lakini akiwa bado zahanati na amechanganyikiwa, anahema haraka au presha imeshuka, sindano ya kwanza isisubiri gari la kwenda hospitali.

Sasa swali la ndugu: siku ngapi? Jibu linategemea mdudu aliyeota, mpira kama umetolewa, na namna mgonjwa anavyoitikia dawa. Kwa stafilokokasi wapole wa kwenye ngozi, mpira ukitolewa, siku 5 hadi 7 zinatosha. Ukilazimika kubaki kwa sababu hana njia nyingine ya kusafishiwa damu, ni siku 10 hadi 14, na dawa ijazwe pia ndani ya mpira wenyewe wakati hautumiki. Kwa klebsiela, e-koli na jamaa zao ni siku 7 hadi 14. Hapa kuna habari njema: utafiti uitwao BALANCE, uliotolewa mwaka 2024 ukiwa na wagonjwa 3,608 katika nchi 7, ulionyesha kuwa siku 7 hazikuleta vifo zaidi kuliko 14. Kwa mkulima anayelipia kila chupa ya dawa na kila nauli, wiki moja iliyookolewa ni kitu kikubwa.

Lakini utafiti huo uliwaacha nje wenye stafilokokasi aureus, na mimi namwogopa huyo kuliko wote. Anajificha kwenye vali za moyo na kwenye mifupa ya mgongo. Mpira utolewe bila mjadala, damu ioteshwe tena, na moyo upigwe eko. Siku 14 ndiyo chini kabisa, tena ni kwa yule tu ambaye homa ilikwisha ndani ya saa 72, damu ikasafika, hana kisukari wala upungufu wa kinga, hana vali ya bandia, na moyo wake umeonekana salama. Wengine wote ni wiki 4 hadi 6. Fangasi wa kandida naye hupewa siku 14 tangu damu iliposafika, na mpira hutolewa.

Wengi hukosea hesabu. Kwa aureus na kandida, siku ya kwanza ni siku ilipochukuliwa damu ambayo haikuota kitu. Sindano ikianza Jumatatu, mpira ukatolewa Jumatano, na damu ya Alhamisi ikawa safi, zile siku 14 zinahesabiwa tangu Alhamisi. Anayehesabu tangu Jumatatu amempunja mgonjwa siku tatu.

Homa ikiendelea siku ya tatu ilhali mpira umetoka na dawa ni sahihi, kuongeza siku peke yake hakusaidii. Daktari atafute usaha, damu iliyoganda kwenye mshipa au ugonjwa wa vali.

Mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kurudi kijijini akamalizie sindano zahanati. Msitoke wodini bila barua yenye mambo manne: jina la mdudu, jina la dawa na kipimo chake, tarehe hesabu ilipoanza, na tarehe ya sindano ya mwisho. Nesi wa zahanati hawezi kukisia. Ndugu nao wasiikatishe dozi kwa sababu mgonjwa ameanza kula, wala wasiongeze vidonge vya duka la dawa baada ya tarehe hiyo kupita. Na kanyula ya sindano hizo ikaguliwe kila siku. Ikiuma, ikivimba au ikiwa nyekundu, mwambieni nesi aitoe siku hiyo hiyo.