Usifute Namba: Mazoezi ya Vipimo kwa Wanafunzi wa Buyenzi

Kijitabu hiki ni cha walimu wa shule za msingi (ECOFO), maustadhi wa madrasa, viongozi wa vikundi vya vijana, na mafundi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, walio tayari kuwafungulia watoto karakana zao asubuhi moja. Kinaeleza namna ya kuandaa mazoezi ambayo wanafunzi wa darasa la saba hadi la tisa watapima kwa mikono yao wenyewe. Vifaa si vya gharama. Vingi utavipata soko la Ruvumera, duka la dawa au jikoni kwako.

Kabla ya vifaa, kisa kimoja.

Nikiwa mwanafunzi tulichemsha maji darasani, tukaambiwa tuandike kipimajoto kinasoma ngapi maji yakitokota. Cha kwetu kilisimama kwenye 97. Tukachochea moto, tukangoja. Bado 97. Kitabu kilisema 100. Nikachukua kifutio, nikaifuta 97, nikaandika 100, nikapewa alama zote. Ilipita miaka mingi ndipo nikajua kwamba siku ile nilifuta jibu sahihi la Bujumbura.

Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu umekaa ukingoni mwake. Kadiri unavyopanda juu, hewa inayoyaelemea maji hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, ni nyuzi 100. Kwetu ni 97 na kitu. Gitega, karibu mita 1,500 juu, ni kama 95. Kila unapopanda mita 300 hivi unapoteza takriban nyuzi moja.

Hapo ndipo ushauri wetu wote ulipo. Chagua zoezi ambalo namba za watoto zitatofautiana, kisha wape nafasi ya kuuliza kwa nini. Zoezi ambalo kila mtoto lazima afikie jibu lililokwisha kuandikwa kitabuni si kupima, ni imla. Na siku ya mazoezi kusanya vifutio vyote uviweke kwenye kopo mezani kwako. Anayekosea anapiga mstari mmoja juu ya namba, ibaki inasomeka, na pembeni anaandika kilichotokea.

Mvulana wa aiskrimu

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi ndani ya friza ilikuwa inakwisha, akaona asingoje maziwa yapoe, akayaingiza ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyekuja kuwazungumzia, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 majina ya wote wawili yakachapishwa pamoja kwenye jarida la fizikia. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Wanafunzi waelezwe na sehemu ya pili ya hadithi, maana nayo ni somo la vipimo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia majaribio hayo kwa uangalifu na hawakuona maji ya moto yakiwahi kupoa. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuyageuza matokeo. Mjadala unaendelea. Mimi nasema kijana yule alifanya lililompasa: aliona, akasema alichoona, hakukifuta. Na sisi tunaomfuata tuandike kipimajoto kilikuwa wapi.

Zoezi la viganja

Hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, na Buyenzi ni mahali pake hasa. Kila mwisho wa Ramadhani nyumba nyingi mtaani hupima zaka ya fitri. Kipimo cha asili ni pishi moja, nayo ni vibaba vinne. Kwa maelezo ya wanazuoni, kila kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Siku hizi wengi huhesabu kilo mbili na nusu za mchele, wengine hutaja namba iliyo juu au chini kidogo. Mtoto amelisikia hilo nyumbani tangu akiwa mdogo, ila hajawahi kulipima.

Tandika kitambaa safi mezani, umwage kilo tano za mchele. Kila mwanafunzi aunganishe viganja, ateke mara nne, amimine ndani ya mfuko wake, apime kwa mizani, kisha aurudishe mchele mezani. Usiseme lolote kuhusu namna ya kuteka. Utaona mmoja amekunjua vidole mchele unamtoka pembeni, mwingine ameinua kilima juu ya viganja anatembea pole pole kisidondoke. Ziandike namba zote ubaoni, kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja na jina la aliyepima. Toa ndogo katika kubwa. Darasa zima litashangazwa na ukubwa wa pengo hilo. Kisha mwombe mtu mzima mmoja, ustadhi au mama muuza mchele, ateke naye mara nne, mumlinganishe na watoto.

Sasa leta kopo tupu la maziwa ya unga. Lijazwe mchele kwa namna tatu: kwa kumimina taratibu na kusawazisha kwa rula, yaani kipimo cha mfuto, kwa kumimina, kuligonga mezani mara kumi, kujazia na kusawazisha, na kwa kulundika mpaka mchele uanze kumwagika. Kila mara pimeni uzito. Kopo ni lile lile, mchele ni ule ule, lakini mizani itasema vingine. Ukiligonga kopo utauona mchele ukishuka chini ya ukingo, kwa sababu punje hulala na kuziba mianya iliyokuwa baina yake. Mtoto atakuambia mwenyewe kwa nini muuzaji na mnunuzi hubishana juu ya kopo, na kwa nini kipimo hakikamiliki mpaka namna ya kukitumia nayo imesemwa.

Mwishoni mchele urudi jikoni, upikwe. Hatukubali zoezi linalotupa chakula.

Mizani na maji

Nani ataipima mizani? Swali hili watoto wengi hawajawahi kuliwaza. Maji ndiyo jibu la karibu. Lita moja ya maji safi ina uzito wa karibu kilo moja. Yakiwa na joto la nyuzi 25 ni gramu 997. Nunua bomba la sindano jipya la mililita 20, lisilo na sindano. Wanafunzi wavute maji mara 25 kuingiza kwenye chupa iliyopimwa ikiwa tupu: hiyo ni nusu lita, gramu mia tano kasoro moja au mbili. Wakikosa kuhesabu bomba moja, mizani itawaumbua kwa gramu 20. Wakiacha povu la hewa ndani ya bomba, nalo litaonekana. Sasa wanacho kitu cha kuulizia mizani ya jikoni nyumbani.

Hapa naomba sana: watoto wasipelekwe sokoni kuwanasa wachuuzi. Kukagua mizani ya biashara ni kazi ya serikali, na nchini Burundi viwango, ubora na vipimo viko chini ya ofisi ya taifa ya viwango, BBN. Mama aliyepanga maharage yake Ruvumera anatafuta chakula cha wanawe, na kumwaibisha mbele ya wateja kwa zoezi la darasa la nane ni dhuluma. Muuzaji akipenda mwenyewe kuleta mizani yake shuleni, apokewe kama mgeni, na matokeo apewe yeye peke yake.

Kwa fundi

Fundi cherehani ana utepe wa kitambaa, fundi magari ana rula ya chuma na kalipa. Wekeni utepe mzee uliotumika miaka mingi sambamba na rula ya chuma, sentimita kwa sentimita, kwanza ukiwa umelegea, kisha ukivutwa. Halafu fundi magari awaonyeshe kipuri kilichochakaa na kipya chake, wavipime unene kwa kalipa mahali patatu. Wapime kwanza, ndipo yeye aeleze. Kundi lisizidi watoto sita, injini zote zizimwe, na asiwepo mwenye ndara.

Kuchemsha maji

Tumia kipimajoto cha spiriti nyekundu au cha betri chenye kufika nyuzi 110. Cha zebaki usikitumie kabisa, na kile cha kupimia homa kitapasuka. Sufuria isimame imara juu ya jiko la makaa, mwalimu akiwa karibu wakati wote. Ncha ya kipimajoto izame katikati ya maji, isiguse chini ya sufuria. Inayogusa itasoma joto la chuma. Macho yawe usawa wa mstari. Wanafunzi watatu wasome mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake bila kusema, ndipo walinganishe. Kwa kawaida hawatakubaliana, na vipimajoto viwili vya duka moja navyo huweza kupishana kwa nyuzi nzima. Yote yaandikwe.

Siku nzuri ya kufanya haya ni tarehe 20 Mei. Siku hiyo mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris, na mwaka 2019, tarehe hiyo hiyo, kilo iliacha kutegemea kipande cha madini kilichofungiwa Ufaransa ikaanza kutegemea namba isiyobadilika ya maumbile. Waambieni watoto pia habari za Pierre Méchain, mmoja wa wanafalaki wawili waliotumwa kuipima dunia ili mita ya kwanza ipatikane. Vipimo vyake vya Barcelona havikupatana, akaona aibu, akazificha namba zile. Zilimsumbua mpaka kifo chake mwaka 1804. Mwenzake Delambre ndiye aliyekuta ukweli ndani ya madaftari.

Daftari la Buyenzi nalo lisiishie Buyenzi. Uvira na Kigoma ziko kwenye ziwa hili hili, kwa hiyo maji yao yanapaswa kuchemka kwa joto lile lile la kwetu, Gitega kwa joto dogo zaidi, Dar es Salaam kwa kubwa zaidi. Tafuteni shule moja huko kwa simu, ya ndugu au rafiki wa mwalimu, mkubaliane kuchemsha siku moja. Kila upande uandike makisio yake kwanza na kuyafunga kwenye bahasha. Kigoma wako saa moja mbele yetu: mkiwasha jiko saa nne asubuhi, kwao ni saa tano. Andikeni saa zote mbili.