SOMO LA UFUNDI: TUJITENGENEZEE SPIKA ISIYO NA WAYA



Mwendesha mashine hubonyeza kitufe kila siku, lakini wengi wetu hatujui ndani ya kitufe hicho mna nini. Mashine ikisimama, tunakaa kumngoja fundi. Somo hili ni mlango wa kuingilia katika elimu ya umeme mdogo. Limeandaliwa kwa wenzetu wa Masaka, wilaya ya Kicukiro, Kigali, nao wa viwanda na mashamba mengine wanaweza kulifuata.

Spika hii si ya muziki peke yake. Mwenzetu asiyejua kusoma anaweza kusikilizishwa maelezo ya sheria ya kazi Na. 66/2018, yaliyorekodiwa kwa Kinyarwanda kwenye simu, na kundi zima likasikia wakati wa mapumziko.

INAVYOFANYA KAZI

Simu hutuma sauti kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, kwa njia iitwayo Bluetooth. Kazi hiyo ilianzishwa na wahandisi wa kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994. Mawimbi hufika kama mita 10. Kibao cha Bluetooth huyapokea na kutoa umeme dhaifu wa sauti. Kikuza sauti huutia nguvu. Spika hutikisika na kusukuma hewa hadi masikioni.

VIFAA

1. Betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, pamoja na kishikio chake.
2. Kibao cha kuchajia TP4056, aina yenye kinga ya betri.
3. Kibao cha kupokea Bluetooth kinachokubali volti 3.3 hadi 5.
4. Kikuza sauti PAM8403.
5. Spika mbili za omu 4, wati 3. Za redio mbovu zinafaa zikiwa nzima.
6. Swichi, nyaya, pasi ya kulehemu, risasi ya kulehemu, na mita ya kupimia umeme. Mita ni ghali kidogo, basi kikundi kichangie moja.

HATUA ZA KAZI

Kanuni ya somo hili ni moja: pima kila hatua kabla ya kuingia hatua inayofuata.

Kwanza. Lehemu nyaya za kishikio kwenye B+ na B- za kibao cha kuchajia, ndipo utie betri. Usilehemu juu ya betri yenyewe, maana joto huiharibu. Pima OUT+ na OUT-: mita isome kati ya volti 3 na 4.2. Ikisoma sifuri, chomeka chaja ya simu ya volti 5 mara moja ili kuamsha kinga, kisha pima tena.

Pili. Toa betri. Pitisha waya wa OUT+ kwenye swichi, halafu uugawe kwenda Bluetooth na kikuza sauti. OUT- iende kote kuwili moja kwa moja. Rudisha betri, washa, utafute jina la kibao kwenye simu. Lisipoonekana, usiendelee, kagua nyaya.

Tatu. Zima. Unganisha sauti ya kushoto, ya kulia na waya wa pamoja kutoka Bluetooth hadi kikuza sauti.

Nne. Kila spika ipate nyaya zake mbili. Usiunganishe waya hasi wa spika moja na wa nyingine, wala na hasi ya betri. Katika kikuza sauti hiki nyaya zote mbili za spika zina umeme wa sauti, ukiziunganisha kitaungua.

Tano. Funga spika katika sanduku la mbao lisilopitisha hewa. Utando ukisukuma hewa mbele, nyuma huivuta. Hewa hizo mbili zikikutana huuana, na sauti nzito hupotea. Sanduku huzitenganisha.

ONYO

Kikuza sauti hiki hakipokei zaidi ya volti 5.5. Betri ya pikipiki ya volti 12 itakiunguza papo hapo.

Betri ya lithiamu inaweza kuwaka moto na kuteketeza nyumba. Usitumie iliyovimba au iliyotoboka, usigusanishe ncha zake, na usichaji juu ya godoro wakati umelala. Iliyokufa usiitupe jalalani. Tafuta pa kukusanyia taka za umeme, ambazo Rwanda huchakatwa katika kiwanda cha Bugesera.

Risasi ni sumu. Fanya kazi penye hewa, na unawe mikono kabla ya kula.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Betri ina miliampia-saa 2,000, na saketi nzima inakula miliampia 250. Itadumu saa ngapi?
2. Taa ya Bluetooth inawaka, lakini spika zote ziko kimya. Utaanza kupima wapi, na kwa nini?
3. Katika idara yako, ni mashine gani husimama mara kwa mara? Umeme wake unapita wapi kabla ya kufika kwenye mota? Mwulizeni fundi wa zamu awaeleze. Msifungue mashine wenyewe: umeme wa volti 230 huua.