Hewa ya Seli

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni lita 60,000 za hewa. Tuwalaze humo watu 20, mlango ufungwe jioni na usifunguliwe hadi alfajiri. Chumba hiki ni cha kukadiria tu, lakini aliyewahi kulala Kodiaga, gereza kuu la Kisumu, huenda asikione kigeni: magereza ya Kenya yamebeba watu kupita uwezo wake kwa miaka mingi.

Mtu aliyelala hutoa takriban lita 15 za kaboni dioksidi kwa saa. Watu 20 hutoa 300. Tuseme tundu lililo juu ukutani huingiza lita 120,000 za hewa mpya kila saa. Gawanya 300 kwa 120,000: asilimia 0.25, juu ya ile 0.04 iliyoko nje. Kiasi hicho hakiui mtu. Kinachotisha ni siri kinayoifichua.

Hewa itokayo mapafuni ina kaboni dioksidi karibu asilimia 4. Kama chumbani imeongezeka 0.25, basi sehemu 1 kati ya 16 ya kila unachovuta imeshapita vifuani mwa walio humo. Nawe hupumua kama mara 16 kwa dakika. Yaani kila dakika unavuta pumzi nzima iliyokwisha kutumika, usiku kucha. Watu wakiwa 40, pumzi hizo ni mbili.

Hapo ndipo TB inapopata njia. Bakteria wake aligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Mgonjwa akikohoa, matone makubwa huanguka sakafuni. Madogo hukauka yakiwa bado hewani, yakabaki chembe nyepesi zinazoelea kwa saa kadhaa, na bakteria yumo ndani.

Si kila ugonjwa wa jela husafiri hivyo. Mwaka 1750 wafungwa wa gereza la Newgate walipofikishwa mahakamani Old Bailey, London, homa iliua majaji na meya wa jiji, na watu wakalaumu uvundo. Mwaka 1909 Charles Nicolle, akiwa Tunis, alionyesha kwamba taifasi, ndiyo homa ile ya jela, hubebwa na chawa. Chawa dawa yake ni maji moto na nguo safi, dirisha halimsumbui.

Kuna na joto. Mwili uliolala hutoa kama wati 75, kwa hiyo watu 20 ni pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka mpaka asubuhi. Joto hilo lingeweza kusaidia, kwa kuwa hewa moto hupanda. Lakini tundu likiwa moja, inayotoka na inayoingia hugombania njia. Toboa jingine chini, ukuta wa pili, hewa itajiendesha bila feni. Upepo wa Kisumu nao una saa zake: mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji ya ziwa, hewa yake hupanda, na ya ziwani huja kujaza pengo. Jua likizama upepo huo hufifia, na ule wa kurudi ziwani hukawia. Wafungwa huwa wameshafungiwa.

Moody Awori, mbunge wa Funyula aliyeshika Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2003, aliingiza magodoro na kuwafungulia waandishi wa habari milango ya magereza. Yalikuwa mageuzi makubwa, nami siyabezi, ila godoro haligusi hesabu yetu. Inaguswa na idadi ya watu, na sehemu kubwa ya walio ndani ni mahabusu wanaosubiri kesi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kuwanyima. Waachilie 10 kati ya wale 20, ukuta uachwe ulivyo: 1 kati ya 16 inakuwa 1 kati ya 32.